Zulia la Rose Limerudi kwa Mwenyewe

Kitengela

Mama yangu mpendwa,

Goti lako limeacha kukusumbua? Na ng'ombe ameshazaa? Sisi tuko salama, na leo hata mimi nacheka. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu haya mambo kwa simu Baba Neema angesikia, na Rose ni dada yake.

Unakumbuka vile mjukuu wako alikuwa anaamka na chafya mpaka macho yanavimba, kifua kinalia. Rose akaambia ukoo wao wote ati ni uchafu wangu, ati Neema aletwe akae kwake Embulbul. Mama, iliniuma. Nikaapa atanitambua. Nikaanza kufagia mara tatu kwa siku, nakung'uta vitambaa vya viti hapo hapo sebuleni, na mtoto akazidi kukohoa.

Daktari mmoja wa Isinya ndiye aliniuliza tuko na nini sakafuni. Nikamwambia zulia la manyoya, lile Rose alitupatia aliponunua jipya. Akasema vumbi na vidudu visivyoonekana vinakaa humo, na ufagio wangu mkavu ulikuwa unavirusha tu hewani. Basi nikatoa zulia, vitambaa, na yale mapazia mazito. Shuka nafua na maji moto kila wiki, godoro nimelivalisha kifuniko cha zipu, sakafu napanguza na kitambaa chenye maji. Siku hizi Neema analala kimya.

Jumapili Rose akaja na wamama wa kanisa, wamebeba begi ya kutia nguo za Neema, wamchukue. Neema nikampeleka kwa jirani. Nikawapa wageni viti hapo nje, nikaanika zulia kwa kamba, nikaazima fimbo ya mlinzi, nikalichapa. Vumbi likatoka mpaka Rose akakohoa, machozi yakamtoka. Nikamwambia, "Uchafu wa nyumba yangu ndio huu. Ni wako, beba." Alibeba, mama. Mtoto akabaki.

Nasikia amelitandika chumbani mwake, na sasa ni yeye anaamka na chafya. Sijisikii vibaya hata kidogo.

Nisalimie baba, shangazi wa dukani, na kaka yangu mdogo. Rose akikupigia simu kuuliza tulimtibu Neema vipi, usimwambie. Aje aniulize mimi, mbele ya wale wamama.

Binti yako,
Nekesa