Vidonge vya Shangazi Havigawiwi

Mdogo wangu Rehema,

Huku Tlawi ukungu umegoma kuondoka, na mimi nachemka kwa hasira. Jana nimemkuta jirani wa Shangazi, Mama Safari, anahema kwa shida, kifua kinapiga filimbi. Unajua desturi ya huku: mwenye chumvi au mbegu hamnyimi jirani. Sasa Shangazi kagawa na vidonge vyake vya kutuliza mapigo ya moyo! Mama Safari alisema moyo unamwenda mbio, basi akapewa. Ana pumu, na vidonge vile humbana kifua mwenye pumu.

Tulimkimbiza zahanati, sasa anapumua vizuri. Nikarudi nimgombeze Shangazi, lakini utamfokeaje mtu mzima kabla ya shikamoo? Nikamwamkia huku nimeuma meno.

"Marahaba, mwanangu. Ningemnyimaje? Mbona mimi vinanisaidia?" Akanimiminia maziwa mgando. Nimeyanywa yote kwa hasira.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Unafikiri sijui kwamba unachukua vidonge vya baba, vilevile vya mapigo ya moyo, kila Jumapili, ili mikono isitetemeke ukiongoza kwaya? Wewe mwenye pumu! Unatoka kanisani unakohoa, unatuambia ni vumbi. Vumbi gani, Rehema, wakati wa mvua? Vitoe kwenye pochi leo hii, umrudishie baba.

Nakupenda sana. Nakutakia Jumapili njema, na mikono itetemeke mbele ya kanisa zima.

Dada yako,
Paskalina