Likizo Yetu Imejaa Magunia ya Watu

Bi Latifah mpendwa, nisaidie upesi kwa sababu tunasafiri Ijumaa na mke wangu ameacha kunisemesha, akitaka kitu anamtuma mtoto aniambie.

Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Githongo na pia katibu wa kamati ya kanisa letu, mke wangu Angeline ni mwalimu wa shule ya msingi, tuna watoto wawili, Maxine wa miaka kumi na mmoja na Mwenda wa miaka sita, na tuna gari la Probox ambalo ndilo chanzo cha shida yote hii, au labda si gari, wewe utaniambia. Mwaka jana mwezi wa Agosti tuliamua kwa mara ya kwanza tangu tuoane kwenda likizo Mombasa, siku tano, tukakodi chumba karibu na bahari, na Jumapili kabla ya safari nikasimama kanisani nikaomba tuombewe, basi kufika Jumanne sebule yetu ilikuwa imejaa mizigo, maana kila mtu hapa ana mtoto au shemeji huko Pwani, na wewe Bi Latifah ni mtu wa Meru, unajua kwetu salamu haziendi mikono mitupu, lazima ziende na ndizi. Nikabeba mikungu minne ya ndizi mbichi, gunia la viazi, maparachichi, na kuku wa Mzee Kaimenyi, jirani yetu, akiwa amefungwa miguu. Mikungu ilikaa juu ya begi la nguo, utomvu ukachuruzika, na dera mbili mpya za Angeline zikaingia yale madoa meusi ambayo hayatoki hata ufue na nini. Kule Mombasa siku ya kwanza tulikuwa Changamwe, ya pili Likoni, ya tatu Mtwapa tukimtafuta binti wa Mzee Kaimenyi ambaye simu yake ilikuwa imezimwa, ya nne tukarudi tena Mtwapa, na kila nyumba huwezi kuruhusiwa kuondoka kabla hujala, hivi kwamba watoto waliingia baharini mara moja tu, kama saa moja hivi, asubuhi ya kurudi nyumbani. Shule zilipofunguliwa Maxine aliandika insha kuhusu likizo, akaeleza alivyokaa kwenye makochi ya watu asiowajua akiwa amepakata kuku, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima, na ndiyo shule hiyo hiyo Angeline anafundisha.

Mwaka huu niliapa haitakuwa hivyo. Lakini nilisimama tena kanisani, kwa sababu si watu wanafaa kujua katibu hayupo, na sasa ninapoandika sebuleni kuna kilo kumi za njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mama mzazi, za yule binti wa Mzee Kaimenyi, ambaye amejifungua juzi, kuna mikungu miwili ya Joyline wa kwaya ya kumpelekea kaka yake, na sufuria kubwa ya Caroline, naye wa kwaya, ambayo sijui hata ni ya nani kule. Nilijaribu kumweleza mzee kwamba safari hii tunaenda kupumzika. Akaangalia gari, akaniangalia mimi, akasema, "Elphas, hapo nyuma si ni tupu? Unataka kubeba nini, upepo?" Nikapokea. Ili kupata nafasi nikamwambia Angeline apunguze nguo, na boya la kuogelea la Mwenda libaki kwa sababu halikunjiki vizuri, na blanketi zetu tatu na chupa ya chai tayari zimeshika kiti cha nyuma.

Hapo ndipo aliposimama mlangoni akaniambia, "Baba Maxine, mimi sioni likizo hapa, naona ni kama tunahamishwa. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi mimi na watoto tunatoka na begi moja. Nikikuta kwa hiyo gari gunia hata moja la mtu, tunapanda basi, wewe ubaki ukisambaza." Bi Latifah, nimesikia kuna njia ya kuviringisha nguo zikakaa kidogo sana, nifundishe nipange vipi vitu vyote viingie na mtu yeyote asikasirike.

Ni mimi Elphas, Githongo.

*

Elphas, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama kwa sababu kukaa kulinishinda. Mke wako anakwambia anaondoka na watoto, wewe unaniuliza habari ya kuviringisha nguo!

Nguo zako hazina shida yoyote. Hesabu mwenyewe katika barua yako ni mara ngapi umesema hapana. Mzee hukumwambia hapana, Joyline hukumwambia, hata mwenye sufuria ambayo hujui inaenda kwa nani hukumwambia. Hapana yako yote umewapa Angeline na mtoto wa miaka sita. Aliyekukosea ni nani hapo?

Nakuelewa lakini, usidhani mimi nimeshuka kutoka mbinguni. Nimezaliwa Meru mjini, baba yangu alikuwa na bucha kule Kinoru, na hakuna ndugu yetu aliyesafiri bila nyama ya kumpelekea mtu mkononi. Najua mzee akikuangalia vile unavyojisikia. Najua pia kuna utamu wa kuitwa mtu wa watu, na huo utamu ndio unaokusimamisha kanisani kila Agosti. Ungetaka kuombewa ungemnong'onezea mchungaji ofisini. Ulitaka watu wajue unaenda Mombasa, wakajua, wakaleta ndizi. Unashangaa nini?

Haya, nisikilize. Leo, si kesho, pakia mizigo yote kwenye hilo gari na uirudishe nyumba kwa nyumba. Usipeleke hadithi ndefu, wala usisingizie gari ni bovu, kwa sababu wataleta fundi. Sema hivi: "Safari hii nimebeba familia." Wanaotaka kutuma, mabasi ya Mombasa yanapokea vifurushi pale Meru mjini kila siku. Njahi za mama aliyejifungua nakuruhusu, kwa sababu mimi si jiwe, lakini ni kilo mbili, kwenye mfuko mmoja, na baba mtoto ndiye atakayekuja kuzichukua pale mlipofikia. Wewe Mtwapa huendi. Mzee atanuna. Mwache anune, atapoa ukimletea samaki mkavu.

Kufunga mizigo sasa. Mtu mmoja nguo nne, moja akiwa ameivaa, na mtafua, Pwani nguo inakauka kabla hujamaliza kuanika nyingine. Sweta ni ile ya kutokea Githongo asubuhi, mkifika Voi mnaivua. Blanketi tatu Mombasa, Elphas, mnakwenda kumfunika nani? Zirudi kabatini, na chai mtaikuta njiani. Hilo boya toa upepo, litakunjika kama soksi, nashangaa mtu mzima na cheo chake hakulijua hilo. Na vitu vya Angeline ataviweka yeye mwenyewe, vya kwanza, kabla ya vyako, na ukiona ni vingi unyamaze.

Kabla ya yote hayo mtafute umwambie umekosea. Umwambie kwa mdomo wako, uso kwa uso, na usiingize neno "lakini" baada yake. Asipojibu usirudie, nenda kafanye kazi niliyokupa, atakuona ukirudi na gari tupu.

Watu wa Githongo watapata wa kuwabebea, huwa hawakosi. Maxine ana miaka kumi na mmoja. Akifika kumi na minne hatataka hata kuonekana na wewe ufukweni, mimi nimelea wanne na ninajua ninachosema. Zimebaki Agosti mbili, labda tatu, na ya mwaka jana ulishawagawia watu.