Gari Hili Haliendi Kupondwa

Kijiji cha Liuping,
Qin'an, Gansu.
9 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Dexiang,

Habari za Guangzhou? Mke na mtoto hawajambo? Mmeshakula? Huku theluji imeyeyuka na mgongo wa mume wangu umepoa kidogo. Salamu zimetosha, sasa nisikilize. Nimekukasirikia kweli.

Gari tuliliandikisha kwa jina lako kwa sababu wewe ndiye mtoto wa kiume, basi. Anayeliendesha ni shemeji yako Shouyi. Ndilo linalompeleka mama mjini kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, maana basi halipandi mlima huu. Hilo unalijua vizuri.

Jana ulimpigia Shouyi: "Shemeji, limefika kilomita laki sita, sheria inataka lipondwe." Leo asubuhi lori la chuma chakavu likaja kulibeba, na dereva akatuonyesha saini yako kwenye simu.

Sheria ya wapi? Nimekwenda kituo cha ukaguzi, bwana wa pale akacheka: "Mama, laki sita serikali inashauri tu. Likipita ukaguzi, endesheni." Na lilipita mwezi uliopita, breki na moshi, vyote.

Hukujua, au hukutaka kujua? Mwaka mpya ulimwambia Shouyi alifiche nyuma ya banda la nguruwe, wenzako uliosoma nao wasilione. Ukafungua hata kitambaa chekundu cha baraka ya safari alichofunga mama kwenye kioo. Haya zako zina thamani gani, Dexiang, hata mama azilipie kwa figo zake?

Nilipomweleza mama alisema: "Na mimi nina kilomita ngapi? Mbona hajaniletea lori?" Nilicheka, kisha nikalia.

Msalimie mkeo Suqin, na mwanao Xiaohe asome kwa bidii. Mbingu iwalinde wote, nawe ikuongezee akili.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari letu, kwenye uwanja wa chuma chakavu ambako lori lililileta, karatasi juu ya usukani. Mama yuko kiti cha nyuma, amefunga mkanda, anakula mbegu za alizeti na kutema maganda dirishani. Hashuki. Meneja anasubiri neno lako wewe mwenye jina, na Shouyi anakutumia picha ya barua hii sasa hivi. Mpigie meneja, au njoo umshushe mama yako mwenyewe.

Dada yako akupendaye, ingawa leo kwa meno,
Lamei