Mtoto Aliyeondolewa Mapajani Mwangu

Na bado, dada Zulfiya, sijakusifia mama mkwe. Farrukh wangu ni asali, ila mama yake ni mzinga mzima. Siku ya arusi shangazi zake walinipakatisha mtoto, ili nami nizae upesi. Mama mkwe akaona vipele usoni mwa mtoto, akamwondoa.

“Sabohat, unavunja mila?” shangazi mmoja akamuuliza.

“Mila haioni vipele. Nilipuuza vipele vya rubela nikiwa na mimba ya Munira, navyo humdhuru mtoto tumboni,” Mama akajibu.

Munira ni wifi yangu, kiziwi tangu kuzaliwa.

Kesho yake Mama alinipeleka kuchanjwa. Kwa ajili ya chanjo hiyo nimeambiwa nisishike mimba mwezi mzima, na anayechungulia tumbo langu huambiwa na Mama, “Nimemkataza mimi.”

Kabla mwezi huo haujaisha nitakuja kwako na Munira, akuonyeshe kwa ishara shangazi walivyonuna.

Mdogo wako mwenye raha,
Gulrukhsor