Sabuni Aliyoikataa Shemeji Yako

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama gari lililokataa kuwaka? Uliniandikia kwamba baridi imekulazimisha kulala na soksi. Vaa hata mbili mbili, hakuna anayekuona. Sisi huku tu wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu, mchana hulisahau, hasa akisikia jirani ana habari mpya. Watoto wanakula, wanavunja vitu, wanakua.

Sasa kaa vizuri nikupe habari za shemeji yako.

Unajua kazi yake ni kukagua sabuni kabla haijatoka kiwandani. Miaka yote ameifanya kwa pua na vidole, akijisifu kwamba hakuna mche wa sabuni utakaomdanganya. Mwaka huu wanunuzi wakubwa wakasema hawapokei tena mzigo usiotiwa sahihi na mkaguzi mwenye cheti cha ubora. Bosi akamwita, akamwambia akitafute hicho cheti, la sivyo ataletwa mtu mwingine na yeye atahamia kufunga maboksi. Akarudi nyumbani amenuna. "Mke wangu, pua yangu ndiyo cheti," akaniambia. Nikamjibu kwamba pua haitundikwi ukutani.

Mtihani wa kwanza alikwenda bila kusoma. Aliulizwa, ukigundua kasoro kwenye bidhaa, hatua ya kwanza ni ipi? Akaandika: "Namtafuta aliyeifanya, namgombeza." Alianguka kwa kishindo.

Ikabidi asome, na mateso yetu yakaanza. Alisoma kwamba kila kitu kiwe na mahali pake na jina lake. Siku moja tuliamka tukakuta nyumba nzima imebandikwa vikaratasi: Chumvi. Sukari. Mlango. Hata kiti cha mama kiliandikwa "Kiti." Mama akakisoma, akauliza kama kuna mtu humu ndani aliyekuwa anadhani ni jiko.

Halafu kuna somo linalosema ukikuta kasoro, uliza "kwa nini" mara tano ndipo utafika kwenye chanzo. Asubuhi moja chai ikawa na chumvi. Shemeji yako alifurahi kama aliyepata zawadi, akafungua kitabu mezani.

"Mama, kwa heshima zote, kwa nini chai ina chumvi?"

"Kwa sababu nimetia chumvi, mwanangu."

"Kwa nini umetia chumvi?"

"Kwa sababu kopo limeandikwa sukari."

"Kwa nini limeandikwa sukari?"

"Kwa sababu kuna mtu alibandika karatasi bila kuonja."

"Na kwa nini hakuonja?"

"Kwa sababu anaamini pua yake."

Shemeji yako akafunga kitabu taratibu. "La tano niachie, mama," akasema, akanywa ile chai yote bila kukunja uso.

Kuanzia hapo mama ndiye akawa mwalimu wake. Anachambua mchele huku kitabu kimeegemea ungo, anauliza, na mkwewe akikosea anarudishwa mwanzo wa sura. Mwanamume akawa anakariri akinyoa ndevu, akifunga viatu, hata bafuni sauti ilitoka pamoja na povu. Mama naye akaambukizwa. Alimwambia muuza nyanya mbele za watu kwamba mzigo wake haukidhi viwango, na yule mtu mpaka leo anapita mtaa wa pili.

Mara ya pili alifaulu. Alisoma matokeo amesimama mlangoni, akakaa kwenye ngazi, akavua miwani, akafuta macho kwa tai. Akasema ni vumbi. Tukakubaliana naye kwamba ni vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Lakini kisa chenyewe ni cha wiki iliyopita. Alirudi nyumbani mchana, saa ambayo si yake, akakaa bila kuvua viatu. "Mke wangu," akasema, "nadhani nimefukuzwa kazi." Nikafikiria ada za watoto, nikafikiria kodi, nikamwambia aseme yote.

Kumbe kulikuwa na oda kubwa, bosi akaharakisha mapishi. Sabuni ikakatwa kabla haijakomaa. Shemeji yako akaidondoshea dawa ya kupimia, ikageuka rangi ya waridi, maana yake ile kostiki wanayopikia bado imo na ni kali. Zamani angelalamika kidogo, bosi angesema pitisha, na lori lingeondoka. Safari hii lori lilikuwa getini, injini inaunguruma, bosi kamnyooshea kalamu.

"Weka sahihi, tunachelewa."

"Siwezi, bosi. Hii itababua watu."

"Juzi ulikuwa unanusa tu, leo umekuwa waziri?"

"Juzi ulikuwa unapitisha wewe, mimi nikinyamaza. Sahihi hii ni yangu. Kuna mtoto ataogeshwa kwa sabuni hii jioni, na jina langu liko kwenye boksi."

Wafanyakazi wote wakaacha kazi kusikiliza. Bosi akaona amedhalilishwa. Akaagiza beseni la maji, akavua kofia, akachukua mche mmoja kutoka kwenye mzigo uleule na kukisugua kipara chake mbele ya kadamnasi, povu likimshuka hadi masikioni. "Haya! Nimekufa?" akauliza. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaomba maji mengine. Halafu hakuomba tena, alikimbilia mpira wa kuoshea magari. Alipoinuka, kipara kilikuwa chekundu kama taa ya breki. Wapakizi wakageukia ukutani, mabega yanatikisika. Dereva wa lori akazima injini mwenyewe, hakuambiwa na mtu.

Bosi akamwambia shemeji yako, "Nenda nyumbani," basi, hakuongeza neno. Ndiyo sababu ya kuja mchana.

Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshika mdomo nisicheke huku machozi ya hofu yananitoka. Usiku ule hakula. Asubuhi akavaa shati lake la kazi, akaenda kama mtu anayekwenda kusikia hukumu. Akamkuta bosi amevaa kofia kubwa ya mkewe, ananukia dawa ya kuungua, anasimamia mzigo wote urudishwe kwenye sufuria. Hakumwomba radhi. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba kuanzia leo hakitoki kitu getini bila sahihi ya huyu bwana.

Mdogo wangu, sabuni mbaya shemeji yako alikuwa akiijua siku zote. Cheti kimempa mahali pa kusimama anaposema hapana. Nasikia ulimwambia mama kwenye simu kwamba huhitaji cheti cha uchomeleaji kwa sababu mkono wako unajulikana. Unajulikana na nani huko? Jiandikishe, na tafuta mtu wa kukuuliza maswali. Ukimkosa, piga simu nyumbani. Mama yuko tayari, tena ameshaanza kuuliza chuma huungwaje.

Msalimie shangazi na mumewe. Mwambie yule rafiki yako Mrefu kwamba sweta lake linafumwa, mikono ndiyo haiishi. Mama, shemeji yako na wapwa zako wote wanakusalimu. Mungu akulinde kazini, akupe macho mazima na vidole vyote kumi.

Ni mimi, dada yako akupendaye na kukukumbuka kila sahani zinapopangwa mezani,

Dada Mkubwa