Bata wa Mushi na Kishetani cha Jafari

Tegeta, Jumapili

Dada yangu Mwanaasha,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo, nyingine ya mwezi mzima niliokaa kimya. Huko Lindi mgongo umekuachia? Mie mzima, mdomo ndio usiseme. Mwanao Rehema naye mzima, kanenepa, ila kidogo kazi imponyoke. Ndiyo nimekaa nikuandikie.

Si anatengenezaga programu za kompyuta? Mzee mmoja Haji, ana ghala la dawa za mifugo kule Pugu, kampa kazi: mashine itunze hesabu ya mzigo na kuchapa karatasi. Mwisho Ijumaa, la sivyo anamleta mwingine. Sasa kompyuta, dada, haifanyi kitu mpaka uitilie kwanza programu ya kuiamsha. Ziko mbili, zote hazinunuliwi. Linux, picha yake bata kavaa koti. FreeBSD, picha yake kishetani chekundu, pembe na mkia! Nilipokiona kwenye kifuniko cha diski mezani kwangu nikasoma dua zote nizijuazo.

Rehema kawauliza wenzake wawili achague ipi. Bora angewauliza kuku. Mushi wa bata, Jafari wa kishetani, siku tatu wako barazani kwangu wanamaliza chai.

"Yako kila mpita njia kajenga," Jafari anasema. "Huyu kaleta mlango, yule dirisha."

"Na yako imejifungia ndani kama mwali," Mushi anajibu. "Ikiona kifaa kigeni inakimbia."

Midume mizima, na ndevu! Nikawauliza, "Nani kati yenu kafika Pugu kuiona hiyo mashine?" Wakaomba andazi jingine.

Alhamisi Rehema akaenda mwenyewe na zote mbili. Printa ya Haji kuukuu, ina kiburi. Bata kachapa makorokocho. Kishetani kikachapa herufi safi, zinasomeka toka mlangoni. Mie niliposikia nikazimeza dua zangu.

Haji akafurahi, akauliza, "Umeinunua wapi?" Rehema, mkweli kama baba yake, akajibu, "Ni ya bure, mzee."

"Bure? Mali yangu niikabidhi kitu bure?" Akamwambia akusanye vyake.

Mtoto kaja analia. Nikamwuliza, "Hiyo programu mwenyewe nani?"

"Ya wote, mama mdogo. Walioitengeneza wameitoa watu watumie."

"Wanaweza kuidai irudi?"

"Ikishatoka imetoka."

"Sasa mwanangu, hiyo ndiyo bure? Hiyo wakfu! Kisima cha msikitini tunachota hatulipi, nani kakiita kisima bure?"

Ijumaa asubuhi akarudi Pugu na neno hilo moja. Haji akasema, "Ungesema wakfu tangu jana." Kazi kapewa. Kile kifuniko cha diski chenye pembe nilishawashia mkaa, Rehema kaninunia, lakini Haji hajakiona wala hatakiona.

Msalimie shemeji, fundi wetu wa cherehani, na bibi mkunga aliyenizalisha, mwambie namwombea macho. Mdogo wetu wa mwisho mwambie aoe, tumechoka.

Naishia hapa, wale wawili wamerudi barazani. Wanagombania nani kamfundisha Rehema! Birika nimelifunika. Jafari ananiita, "Mama mdogo, chai vipi leo?"

Nimemjibu dirishani: chai yangu si wakfu.

Mdogo wako asiyenyamaza,
Sauda