Mashuka Yaliyosokotana

3 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na mgongo wake umepoa. Mimi mzima. Kazi ya kufua mashuka ya hoteli inaendelea. Ila kwa sasa hali yangu imegubikwa na hali ya kukosa mwelekeo wa ndani. Nimeona nikujulishe.

Bintiyo

14 Machi

Marahaba, Kasuku wangu. Sisi wazima, mgongo wa mama yako unalalamika kuliko mimi gazetini.

Nakurudishia barua yako. Wino mwekundu ni wangu. "Hali" mbili katika sentensi moja, na huyo "mwelekeo wa ndani" ni mdudu gani? Ana miguu? Anauma? Mawaziri wakiandika hivi nawachapa ukurasa mzima, kwa sababu maneno ya namna hiyo ni pazia: mtu hujificha nyuma yake. Mtoto wangu asijifiche. Nipe kitu ninachoweza kukishika mkononi. Andika upya.

Baba yako

20 Aprili

Kasuku, u hali gani huko? Mbona kimya? Umeninunia? Wahariri niliowatukana walininunia wiki moja tu, kisha wakanipigia simu. Mama yako kila jioni ananiuliza nilikuandikia nini. Namjibu, nilimsahihisha. Ananiondolea kikombe cha chai kabla sijamaliza, na unajua mama yako akifanya hivyo kuna jambo.

Andika hata vibaya.

Baba yako

2 Mei

Shikamoo baba. Sijanuna. Mnisamehe kwa kimya.

Mashuka yakitoka kwenye ile mashine kubwa huwa yamelowa na kusokotana. Unashika ncha ya moja, unavuta, yote yanakuja, mazito, huyawezi. Ndivyo ninavyoamka. Nataka kuvaa kiatu tu. Nikikishika, naona nimevuta na kuoga, na njia ya kazini, na salamu za watu, na kesho, na keshokutwa. Basi naachia. Narudi kitandani. Wiki hii sijafika kazini.

Bintiyo

9 Mei

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali, umeshaniambia. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, kalamu nyekundu sikuigusa. Miaka yote nawafokea watu waandike waeleweke, na wewe ulipokuja kuniomba msaada nikakukagulia sentensi. Nikampa mama yako asome. Alikwenda kutoa begi juu ya kabati, na mgongo wake ule.

Mashuka ya namna hiyo hayafumuliwi na mtu mmoja. Huyu anashika ncha hii, yule ncha ile, na hakuna haraka. Tunafika Jumamosi asubuhi. Mama yako atakaa nawe, tutakwenda wote kwa daktari, na mimi nitaonana na msimamizi wako. Nimeahidi kuzungumza kwa upole, mama yako amecheka mpaka akakaa chini.

Usiamke kutupokea. Mwachie jirani ufunguo.

Baba yako